Sababu ya Kila Badiliko: Kutumia Git na Kuiboresha

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wanafunzi na watengenezaji programu, Dar es Salaam

Nimefurahi kuona humu ndani wahasibu na watu wa masjala, kwa sababu jambo nililokuja nalo linawahusu wao pia, hata kama hawajawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo.

Shabaha yangu ni moja. Nataka kuwashawishi kwamba mfumo wa kudhibiti matoleo upo ili mtu atakayekuja baada yetu aelewe kwa nini tuliandika tulichoandika. Kuutunza msimbo usipotee ni kazi yake ndogo. Ile kubwa haifanyiki bila mkono wa mwandishi mwenyewe. Nitaongelea Git, kwa kuwa ndiyo wengi wetu tunaitumia kila siku. Baada ya hapo nitasema kwa nini watu wa huku kwetu tuna haki na wajibu wa kuiboresha.

Kwanza historia kidogo. Mifumo ya aina hii ni ya zamani. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs aliandika SCCS, na mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS. Ikafuata CVS, kisha Subversion, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004. CVS na Subversion zilitegemea seva moja ya katikati: historia yote ilikaa huko, na asiye na mtandao hakuweza kuandikisha badiliko. Watu wa kerneli ya Linux walitaka utaratibu mwingine. Kuanzia mwaka 2002 walitumia BitKeeper, mali ya kampuni ya Larry McVoy, kwa leseni ya bure yenye masharti. Aprili 2005 leseni hiyo iliondolewa, baada ya mgogoro uliozuka pale mwandishi wa programu Andrew Tridgell alipochunguza jinsi BitKeeper inavyozungumza na seva zake. Linus Torvalds, kiongozi wa watu wa kerneli, akaanza kuandika Git tarehe 3 Aprili. Tarehe 7 Aprili Git ilikuwa inahifadhi msimbo wake yenyewe. Mwezi Juni kerneli 2.6.12 ikatoka ikiwa imesimamiwa kwa Git, na tarehe 26 Julai Torvalds akamkabidhi Junio Hamano usukani, ambao bado anao.

Zitazameni tarehe hizo. Kuizaa Git kulichukua siku chache. Kuilea kumechukua miaka ishirini, na walezi ni watu wengi ambao majina yao hayatajwi darasani. Nitawarudia mwishoni.

1. Sababu iandikwe pamoja na badiliko

Hii ndiyo hoja yangu kubwa, na mtaniwia radhi nikikaa nayo muda mrefu kuliko nyingine.

Chukueni programu ya SACCOS inayokokotoa marejesho ya mikopo. Mtu amebadilisha mstari mmoja: awali senti ziliondolewa kila mwezi, sasa zinaondolewa mara moja, mwisho wa mkopo. Anaandika komiti, yaani badiliko lililoandikishwa pamoja na ujumbe wake, yenye neno moja, "marekebisho". Anaipeleka kwenye seva, anaondoka zake. Miaka mitatu baadaye amekwisha hamia kampuni nyingine. Kijana mgeni anausoma mstari ule na kuona hauko kama ilivyo kwingine kwenye programu. Anaamini ni kosa, anaurudisha kama zamani. Majaribio yote yanapita. Wiki mbili baadaye mhasibu anapiga simu: salio la wanachama halilingani na majedwali waliyosaini.

Kijana yule hakuwa mzembe. Alifanya alichofundishwa. Alitumia git blame, ikamwonyesha nani aliandika mstari na lini. Alitumia git log -S, ikamwonyesha komiti iliyouingiza. Njia zote mbili zilimfikisha kwenye neno lile lile, "marekebisho", na hapo njia ikafungwa.

Sasa sikilizeni ujumbe ambao ungemwokoa:

"Ondoa senti mwisho wa mkopo, si kila mwezi.

Tukiondoa senti kila mwezi, mkopo wa miezi 36 unapishana na jedwali alilosaini mwanachama kwa shilingi kadhaa, na mhasibu analazimika kusawazisha kwa mkono. Tulifikiria kubadilisha jedwali lenyewe, lakini mikataba ya zamani imeshasainiwa. Mikopo iliyokwisha kulipwa haiguswi."

Mstari wa kwanza mfupi, unaosema kilichofanyika, mstari mtupu, kisha sababu. Ujumbe mzima unaandikwa kwa dakika nne. Tazameni lililomo: tatizo lilikuwa nini, liliwaumiza akina nani, njia gani nyingine ilifikiriwa na kwa nini iliachwa, na mpaka wa badiliko ni upi. Sijaeleza msimbo unavyofanya kazi, maana msimbo upo na unasomeka. Nimeandika lile ambalo halimo ndani ya msimbo na wala haliwezi kusomwa kutoka ndani yake.

Wapenzi wa ushairi waliomo humu watanielewa upesi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika, na mmishonari William Taylor akayahifadhi. Lakini yametufikia yakiwa na maana kwa sababu Mwalimu Sikujua alieleza pia nani alikuwa anajibiwa, ugomvi gani ulikuwa mjini, vita gani vilikuwa vinanukia. Bila maelezo yale tungebaki na beti tamu tusizojua zilimlenga nani.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nimelisikia mara nyingi: maelezo hayo yapo kwenye mfumo wa tiketi, ya nini kuyarudia? Nawajibu hivi. Kampuni hubadilisha mfumo wa tiketi. Usajili huisha usilipiwe. Mkandarasi huondoka na akaunti yake. Ujumbe wa komiti husafiri pamoja na msimbo popote uendako, ndani ya kila nakala. Wekeni namba ya tiketi kama mnapenda, ila sababu yenyewe iwe ndani ya komiti.

Na lugha? Git haijali, inahifadhi maandishi ya lugha yoyote. Kama timu yenu mnajadiliana kwa Kiswahili, andikeni kwa Kiswahili. Nimesoma historia za miradi ambamo Kiingereza cha kujilazimisha kimefupisha sababu hadi zikapotea, wakati mwandishi yule yule akikaa na wenzake mezani anaeleza jambo kwa ufasaha mkubwa. Mradi wenye washiriki wa mataifa mengi una haja zake, na hapo Kiingereza kina nafasi. Mradi wa halmashauri, wa ushirika, wa hospitali ya wilaya, unasomwa na watu wetu.

2. Komiti moja, jambo moja

Hoja hii ni ya ufundi zaidi. Mtu anafanya kazi tangu asubuhi: amerekebisha kosa la tarehe, amebadilisha majina ya vigeu, ameongeza kitufe, amepanga upya mafaili. Jioni anayakomiti yote kwa pamoja. Ni vigumu mwenzake kuyakagua, na kesho likigundulika kosa haiwezekani kuliondoa moja bila kuyaondoa mengine.

Faida ya kuyatenganisha inaonekana wazi kwenye git bisect. Tuseme toleo la Januari lilikuwa zima na la leo lina hitilafu, na katikati kuna komiti 1,000. Unaiambia Git hapa pazima, hapa pabovu. Inakupeleka katikati, unajaribu, unaijibu, inaigawa tena nusu iliyobaki. Kwa hatua kumi hivi unaifikia komiti yenyewe iliyoleta hitilafu. Kerneli ya Linux ilifikisha komiti milioni moja mwaka 2020. Hata milioni nzima ingehitaji hatua 20 tu. Hesabu hii ni ya ajabu, lakini ina sharti: kila komiti iwe inajengeka na kuendeshwa yenyewe, na iwe ndogo kiasi kwamba ukishaifikia unaliona kosa. Ukifikishwa kwenye komiti yenye mistari 4,000 umefikishwa mjini. Nyumba bado hujaijua.

Git inakupa njia ya kutenganisha hata kama mikono imekwisha changanya. Amri ya git add -p inakuonyesha kila kipande cha badiliko na kukuuliza kama kiingie kwenye komiti hii au kisubiri. Walimu, nawaomba amri hii ifundishwe wiki ya kwanza. Wengi wanaigundua baada ya miaka kazini.

Hayo hayo nayasema kuhusu matawi, yaani mikondo ya kazi iliyotenganishwa: tawi likikaa miezi miwili bila kuunganishwa, migongano inaongezeka na hakuna tena anayekumbuka kila upande ulikuwa unataka nini. Unganisheni mapema.

3. Kila nakala ni hazina kamili

Fungueni kompyuta zenu mkirudi nyumbani, mtengeneze faili tupu ndani ya mradi wowote wa Git, mliingize kwa git add, kisha mtazame jina ambalo Git imelipa. Litakuwa linaanza na e69de29. Mkiwa Mwanza, Mombasa au Helsinki, leo au miaka kumi ijayo, katika hazina yoyote ya kawaida, faili tupu ni e69de29. Git haigawi namba kwa zamu. Inachukua yaliyomo, inatanguliza aina yake na ukubwa wake, kisha inakokotoa hashi ya SHA-1, tarakimu 40 za heksadesimali, na hashi hiyo ndiyo jina. Komiti nayo inapata jina kwa njia hiyo hiyo, na ndani yake limo jina la komiti iliyoitangulia. Ukibadilisha herufi moja kwenye komiti ya mwaka jana, majina ya zote zilizofuata yanabadilika, na kila mwenye nakala ataona.

Kwa sababu hiyo nakala mbili zinaweza kulinganishwa bila kumuuliza mtu wa katikati. Kwa nchi zetu jambo hili lina uzito wake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani. Waliokuwa na Git waliendelea kukomiti, kufungua matawi, kusoma historia na kulinganisha matoleo, kwa kuwa vyote hivyo vinafanyika ndani ya kompyuta yako. Kinachohitaji mtandao ni kupeana tu.

Na hata kupeana kuna njia nyingine inayosahaulika. Amri ya git bundle inafunga historia, yote au sehemu, ndani ya faili moja. Faili hilo linabebwa kwenye flashi hadi wilayani, na huko linafunguliwa kama vile limetoka kwenye seva, na hashi zinathibitisha kwamba hakuna kilichobadilika njiani. Mnaofanya kazi na vituo vya afya vya mbali, izoeeni amri hii.

4. Kilichoingia kwenye historia hakitoki kirahisi

Hapa nitakuwa mfupi. Nywila ya kanzidata, ufunguo wa huduma ya malipo, orodha ya wagonjwa: visiingie kwenye komiti. Kuvifuta kwa komiti inayofuata hakusaidii, kwa kuwa komiti ya jana bado ipo kwenye kila nakala. Ikitokea ufunguo umeingia, jambo la kwanza ni kuubatilisha kule ulikotoka na kupata mpya, na ni baada ya hapo tu ndipo mfikirie kusafisha historia. Wengi huanza na kusafisha, na saa hizo zote ufunguo uko wazi. Taarifa za watu, za wagonjwa hasa, hazibatilishwi kama ufunguo; hizo ulinzi wake ni kutoziweka kabisa.

5. Kuiboresha Git yenyewe

Sasa nawarudia wale walezi. Ndugu zangu, tumezoea kuichukua programu huria kama mvua: inanyesha tu. Git inabadilika kila baada ya miezi michache kwa sababu kuna mtu aliona kero na akaandika kiraka. Toleo la 2.23 la mwaka 2019 lilileta switch na restore, kwa kuwa amri moja ya checkout ilikuwa inabeba kazi nyingi mno na kuwachanganya wanaoanza. Toleo la 2.34 la mwaka 2021 lilifanya njia mpya ya kuunganisha matawi, kazi ya Elijah Newren, kuwa ya kawaida. Februari 2017 watafiti wa CWI Amsterdam na Google walionyesha mafaili mawili tofauti ya PDF yenye hashi moja ya SHA-1. Toleo la 2.13, miezi michache baadaye, likaja na SHA-1 inayotambua hila hiyo, tangu 2.29 la mwaka 2020 unaweza kujaribu SHA-256, na mpango ni kuifanya ya kawaida katika Git 3.0.

Kero nyingine zinaanzia mbali nasi na nafuu yake inatufikia. Mwaka 2017 Microsoft walieleza jinsi walivyoihamishia Git hazina ya Windows, yenye mafaili kama milioni 3.5 na GB 300 hivi. Mzigo huo uliongeza msukumo wa kuifanya Git iweze kuchukua sehemu tu ya hazina. Leo mwanafunzi mwenye bando la siku anaweza kunakili mradi mkubwa kwa --filter=blob:none, akapata historia yote huku yaliyomo ya zamani yakisubiri hadi atakapoyahitaji.

Lakini kuna kero zinazojulikana vizuri zaidi na sisi kuliko na mtu aliyeketi Seattle. Nitazitaja mbili.

Ya kwanza ni umeme. Umeme ukikatika wakati Git inaandika, mafaili ya ndani ya folda ya .git yanaweza kubaki matupu, na hazina ikalalamika kwamba imeharibika. Tangu toleo la 2.36 la mwaka 2022 kuna mpangilio wa core.fsync unaoilazimisha Git kuhakikisha data imefika kwenye diski. Kwa kawaida hauyagusi mafaili ya vitu vinavyohifadhiwa kimoja kimoja, ili kuokoa muda. Anayefanya kazi kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba aandike git config --global core.fsync all. Atapoteza kasi kidogo na kulala kwa amani zaidi.

Ya pili bado haijatatuliwa vya kutosha. Unanakili hazina kubwa, umefika asilimia 80, mtandao unakatika. Git inafuta ilichopokea, na ukirudi unaanza sifuri, kwa bando lile lile. Zipo njia za kuzunguka: kuanza na --depth 1 kisha kuongeza kina kidogo kidogo, au kupakua faili la bundle kwa programu inayoweza kuendelea pale ilipoishia. Ila tiba yenyewe inahitaji watu wanaolijua tatizo hili kwa maumivu. Nani analijua kuliko sisi?

Anayetaka kuchangia atakuta mlangoni sharti lile lile la hoja yangu ya kwanza. Mwongozo wa Git kwa wachangiaji unadai ueleze tatizo lililopo, uthibitishe kwamba njia yako inafaa, na utaje njia nyingine ulizozipima. Viraka hutumwa kwa barua pepe, hujadiliwa hadharani, na vingi hurudishwa mara mbili au tatu vikaandikwe upya. Chini yake unaweka jina lako kwa mstari wa Signed-off-by, kuthibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Kurudishiwa kiraka ni shule, na kwa maoni yangu inashinda kozi nyingi za kulipia.

Liko pia lango lisilohitaji lugha ya C. Tangu toleo la 1.7.9 la mwaka 2012, ujumbe ambao Git humwonyesha mtumiaji unaweza kutafsiriwa. Kivietinamu kimo, Kituruki kimo, Kiindonesia kimo, Kibulgaria kimo. Kiswahili bado hakina faili lake. Na hatuanzii pasipo na kitu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Waliofanya kazi ile walithibitisha kwamba inawezekana.

Namalizia kwa maombi, Ndugu Mwenyekiti. Kwa walimu: mnaposahihisha mradi wa mwisho wa mwaka, fungueni pia historia yake, na ujumbe wa komiti uwe na alama zake kama zilivyo alama za msimbo. Kwa wenye makampuni: mpeni kila mwandishi wa programu nusu siku kwa mwezi ya kurudisha kitu kwenye zana mnazozitumia bure. Kwa wanafunzi: tuanze kutafsiri ujumbe wa amri tano tu, yaani status, add, commit, merge na switch. Sentensi ambazo hazijatafsiriwa zitabaki kwa Kiingereza bila kuharibu chochote, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja tumalize zote. Watu wanne wanatosha kuanza: wawili wa kutafsiri, mmoja wa kukagua Kiswahili, mmoja wa kujaribu kila ujumbe kwenye kompyuta. Tafsiri za Git huratibiwa na Jiang Xin, na hupokelewa kabla ya kila toleo kutoka, takriban kila baada ya miezi mitatu. Tukikutana Jumamosi hii kupanga istilahi, toleo lijalo linaweza kutukuta bado tunabishana, lakini linalofuata tutakuwa tayari. Karatasi ya majina iko mezani pale mlangoni, na nitabaki hapa kwa mwenye maswali.